Bunduki ya mkono wa kushoto: Nzigire aizungukia miji mitatu

Nzigire Cubaka anatanguliza mguu wa kulia, anabana kitako cha bunduki kwenye bega la kushoto, analaza shavu juu yake na kutoa amri ya neno moja: "Haya!"

Anayeshika kitufe cha kurushia visahani ameshalizoea neno hilo. Wapiga shabaha wengine wote kwenye uwanja huu ulio nje kidogo ya jiji la Buffalo hutoa amri kwa Kiingereza. Kisahani cha udongo chenye rangi ya machungwa kinachomoka kutoka kwenye kibanda kilichozama nusu ardhini na kukimbilia upande wa msitu kama ndege aliyekurupushwa.

Bunduki inalia. Kisahani kinageuka vumbi.

Nzigire anacheka peke yake, mtutu ukiwa bado umeelekea mbele. Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, ajuza mmoja aliyefunikwa blanketi magotini anapiga ngumi hewani. Pembeni ya kiti hicho amesimama mwanamume mrefu mwenye koti la kiwandani, amekumbatia boksi la risasi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Ajuza ni Bi Doreen Wojcik wa Kenmore, kitongoji cha kaskazini mwa jiji, ambaye Nzigire ndiye mlezi wake. Mwanamume ni Bisimwa, mume wa Nzigire. Miezi michache iliyopita aliapa kwamba bunduki haitaingia kwao maadamu yeye yu hai.

Ni Jumamosi ya Oktoba 2015, siku ya shindano la kufunga msimu. Timu za wanawake kutoka klabu mbalimbali za eneo hili zimekusanyika, na kwa mara ya kwanza mmoja wa washindani ni mkimbizi kutoka Kivu.

"Jana sikulala vizuri," Nzigire analiambia gazeti hili kabla ya kuingia uwanjani. "Si kwa woga, hapana. Kwa furaha. Nilikuwa kama mtoto anayengojea Noeli."

Nzigire, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, alizaliwa Walungu, si mbali na Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vita ilimtoa huko pamoja na mumewe na binti yao Sandrine, wakaishi miaka mingi katika kambi nchini Burundi kabla ya kuletwa Buffalo mwaka 2010. Wanakaa fleti ya juu, karibu na Grant Street, mtaa ambao mtu hupata unga wa muhogo, samaki wakavu na duka la kutuma pesa nyumbani bila kuvuka barabara mara mbili.

Kazi aliyoipata ni kutunza wazee majumbani mwao. Hulipwa dola kumi na moja kwa saa. Huosha, hupika, hukumbusha dawa, husukuma viti vya magurudumu.

Mwaka 2013 alipangiwa kwa Bi Doreen. Siku ya kwanza aliona ukutani picha za mwanamke kijana aliyeshika bunduki na makombe. Akataka kuomba abadilishiwe nyumba.

"Nilimpigia msimamizi, nikakata kabla hajapokea," anasema. "Nilijiambia, bon, huyu mama hawezi hata kufunga vifungo vyake. Atanifanya nini?"

Bi Doreen, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, alikuwa mpiga shabaha maarufu wa visahani enzi zake. Ugonjwa wa mishipa umeidhoofisha mikono yake, lakini haukumwondolea hamu. Kila Alhamisi aliomba apelekwe klabuni kuangalia wengine.

Alhamisi za mwanzo, Nzigire alimfikisha, akamwegesha karibu na uzio, kisha akarudi kujifungia ndani ya gari na kuziba masikio kwa viganja.

"Kila mlio ulinirudisha Walungu," anasema.

Bi Doreen hakumsema. Anasimulia kwamba alimwacha hivyo kwa muda mrefu, kisha siku moja akamwomba jambo dogo tu: ashushe kioo cha gari kidogo. Alhamisi iliyofuata akamwomba akishushe zaidi. Baada ya majuma kadhaa Nzigire alikuwa amesimama nje, vizibo masikioni, akihesabu nani kapiga na nani kakosa.

"Nilimwona anabishana na mwamuzi kimoyomoyo," anasema Bi Doreen huku akicheka. "Nikajua huyu ameshaingia."

Ikafika siku ya kujaribu. Mwalimu wa klabu alimpa bunduki ya marisau, inayotema vigololi vidogo vingi kwa mpigo mmoja, ile ambayo wengi huiita shotgani, akamwonyesha namna ya kuishika begani kulia kama watu wengi. Nzigire alikosa kisahani cha kwanza. Akakosa cha pili. Akaendelea kukosa mpaka akaona aibu, akairudisha.

Bi Doreen alimwita. Alimwambia anyooshe kidole kwenye taa iliyokuwa mbali, macho yote wazi, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Alipofumba jicho la kulia, kidole kilibaki kwenye taa. Alipofumba la kushoto, kidole kiliruka pembeni.

"Jicho lako linaloongoza ni la kushoto," Bi Doreen alimwambia. "Na mkono je? Kabla hujafundishwa kuandika ulikuwa unatumia upi?"

Nzigire aliutazama mkono wake wa kushoto. Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu Amerika. Alipokuwa mdogo, bibi yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kitenge kila wakati wa kula, mpaka mkono wa kulia ukajifunza kazi zote.

"Bibi hakuwa mbaya," anasema. "Alinipenda sana. Aliogopa watu watasema mjukuu wake anawapa vitu kwa mkono mchafu. Donc, basi, mi nikakua nikiuficha ule mkono kama mwizi."

Siku ile alihamishia bunduki bega la kushoto. Mwili ulikaa wenyewe, anasema, kama mtu aliyerudi kulala upande aliouzoea. Akatoa amri. Kisahani kikapasuka.

"Nililia! Nilipiga kelele mpaka watu wa uwanja wa pili wakasimama. Mama Doreen naye analia. Mwalimu anasema, wekeni bunduki chini kwanza, halafu mlie."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumrudisha ndani ya gari. Alisoma kozi ya usalama wa silaha, kisha ile ya uwindaji ambayo sheria ya New York inaitaka kabla mtu hajapewa leseni. Kufikia majira ya machipuko ya mwaka huu alikuwa anapiga vizuri kiasi kwamba timu ya wanawake ya klabu ilimwomba ajiunge.

Tatizo likawa bunduki yenyewe.

Klabu ilimwazima shotgani moja ya zamani inayojipakia risasi yenyewe kila inapofyatuliwa. Ilitengenezwa kwa mwanamume mrefu anayetumia bega la kulia. Nzigire ni mfupi. Kitako kilimfanya anyooshe shingo, na kwa sababu tundu la kutolea maganda lilikuwa kulia, ganda la moto lilipita mbele ya macho yake kila alipopiga. Chembe za baruti zilimrukia kwenye miwani.

Bi Doreen alitaka kumpa bunduki yake ya zamani. Nzigire alikataa.

"Kazi yetu hairuhusu kupokea zawadi ya mtu unayemtunza," anasema. "Na hata ingeruhusu, ile yake ilipimwa kwa mwili wake, kwa bega la kulia. Nilitaka kitu ambacho ni cha Nzigire."

Hapo ndipo habari ilipomfikia mumewe, na haikumfikia kwa maneno.

Bisimwa ni fundi wa mashine katika kiwanda cha biskuti. Alidhani mkewe humpeleka bibi wa watu kuangalia michezo, basi. Jioni moja ya Juni aliona alama nyeusi kwenye bega la mkewe.

"Mama Sandrine, hii ni nini?"

"Ni bunduki."

"Bunduki? Nani amekupiga?"

"Hakuna aliyenipiga. Ni mimi ndiye nilikuwa napiga. Na sasa nataka kununua yangu."

Bisimwa anakumbuka kwamba aliketi kitandani bila kuvua viatu.

"Wenye silaha walipokuja kwetu Walungu, walibisha hodi kwa kitako cha bunduki," analiambia gazeti hili kwa sauti ya chini. "Mlango wetu ulikuwa wa mbao. Ile sauti ningali nayo. Sasa mke wangu anataka kuleta kitako kingine mwenyewe? Nilimwambia, tulikimbia hiki kitu, wewe unakifuata? Silaha haiingii hapa maadamu niko hai."

Nzigire hakubishana. Alimwambia tu hivi: "Baba Sandrine, kule bunduki ilikuwa inaniamuru mimi. Hapa ni mimi ndiye nasema 'Haya'."

Kwa siku kadhaa walizungumza mambo ya chakula na kodi ya nyumba pekee. Aliyevunja ukimya ni Sandrine, ambaye ana miaka kumi na saba na, kama vijana wengi wa Grant Street, huwajibu wazazi kwa Kiingereza. "Dad, just go and see her," alimwambia baba yake.

Bisimwa akaenda. Alisimama kwenye maegesho ya magari, mbali, mikono mfukoni. Alichokiona kilimshangaza. Hakuna aliyetembea na bunduki ambayo chemba yake ya risasi imefungwa. Zote zilikuwa wazi, tupu, mitutu ikitazama juu au ardhini. Mzee mmoja mwenye makombe mengi aligeuza mtutu vibaya kidogo na mwalimu akamfukuza uwanjani mbele ya watu wote.

"Kwetu sikuwahi kuona mwenye bunduki akigombezwa," anasema Bisimwa. "Yule mzee aliomba msamaha kama mtoto wa shule."

Kisha akamwona mkewe akipiga. Anakiri kwamba alijikuta akihesabu visahani vyake.

Usiku huo alitoa masharti mawili. La kwanza, bunduki haitalala nyumbani hata siku moja. Itakaa kwenye kabati la chuma la klabu. La pili, siku ya kuichagua naye atakuwepo.

"Kama ni mashine itakayokaa shavuni mwa mke wangu, lazima niijue mpaka matumbo yake," anasema.

Hapo ukaanza msako.

Walianzia Buffalo. Maduka yalikuwa na shotgani za kila namna, lakini kila Nzigire alipouliza ya mkono wa kushoto, iliyo fupi, yenye kufaa visahani na bata bukini kwa pamoja, wauzaji walikuna vichwa. Wengine walimwambia ajizoeshe tu bega la kulia.

"Hilo niliambiwa nikiwa na miaka mitano," anasema. "Nilimjibu mmoja, asante, nilishamaliza hiyo shule."

Mwanzoni mwa Septemba, wikiendi ndefu ya Siku ya Wafanyakazi, familia ilikwenda Columbus, Ohio, kwenye arusi ya Josiane, mdogo wake Nzigire, anayekaa Northland katika fleti zilizo nyuma ya maduka ya vyakula vya Kiafrika ya Morse Road. Ijumaa, wanawake wengine wakisuka nywele, Nzigire na mumewe walichomoka kwenda duka la bunduki lililo ukingoni mwa jiji.

Muuzaji, kijana mchangamfu, alimletea kwanza shotgani ndefu yenye madoa ya majani, inayokula risasi kubwa kuliko zote. "Hii itaangusha chochote kinachoruka," alimwambia. Nzigire aliiinua, mtutu ukaelemea chini, akairudisha.

Ya pili ilikuwa ya Kituruki, nyepesi, fupi, imetengenezwa kwa watu wenye umbo dogo, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya nyingine. Ilipomkaa begani alihisi ameolewa upya.

"Nilishafungua mkoba," anasema. "Nilimwambia Baba Sandrine, ni hii, twende zetu, nywele zangu bado hazijasukwa."

Lakini Bisimwa alikuwa ameinama, pua karibu iguse chuma.

"Ganda linatokea wapi?" alimuuliza muuzaji.

"Hapa, kulia."

"Na uso wake unakaa wapi?"

Muuzaji aliangalia tundu, akamwangalia Nzigire akiwa ameibana bunduki bega la kushoto, kisha akacheka na kuinua mikono. Alikubali kwamba ni shida ileile aliyoikimbia Nzigire. Akawaandikia anwani ya mtu mmoja wa Louisville, Kentucky, ambaye naye hutumia mkono wa kushoto na huagiza bunduki za watu wa namna hiyo.

Nzigire anasema alikasirika kidogo, kisha akamtazama mumewe na hasira ikaisha. Mtu aliyeapa silaha haitaingia kwake alikuwa bado ameinama, akimuuliza muuzaji pistoni ndogo ya ndani inasukumwa na nini, na kama inasukumwa na gesi, masizi yanakwenda wapi.

Kwenye arusi Bisimwa alichora mitambo juu ya tishu za mezani mpaka shangazi mmoja akauliza kama wananunua jiko.

Jumatatu walielekea Louisville. Ilikuwa sikukuu, lakini Mzee Yocum, mwenye duka, huwa hafungi siku hiyo kwa sababu msimu wa njiwa unakuwa umefunguliwa na wawindaji hawamwachi apumzike. Ni mtu wa makamo anayeelekea uzeeni, mnene, mwenye ndevu zilizopakwa manjano na tumbaku.

Hakuwaonyesha kitu mara moja. Aliuliza kwanza.

"Utapiga nini?"

"Visahani kila wiki. Na bata bukini msimu ukifika."

"Nani ataisafisha?"

Nzigire alimtazama mumewe. Bisimwa aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Nitaisafisha mimi," alisema.

Ndipo Yocum akaweka juu ya kaunta shotgani mbili, zote tundu la maganda likiwa kushoto. Nzigire aliziba mdomo. Hakuwahi kuona hata moja, sasa ziko mbili.

Ya kwanza, Yocum alieleza, hujipakia kwa nguvu ya mrudio: mwili wa bunduki ukisukumwa nyuma, springi iliyo ndani hujikunja na kufanya kazi. Ni nyepesi, haichafuki upesi, na wawindaji wa matopeni wanaipenda. Ya pili huazima gesi kidogo ya baruti ili kusukuma mtambo na kuleta risasi nyingine. Ni nzito zaidi na inataka kusafishwa mara kwa mara, lakini ile gesi inayoazimwa hupunguza teke linalolifikia bega.

Kulikuwa na uwanja mdogo nyuma ya duka. Nzigire alizijaribu zote mbili, kwanza kwa risasi laini za visahani, kisha kwa zile nzito za bata.

"Ya kwanza, ukiishika dukani unaipenda. Ukiipiga, inakusukuma kama mtu wa kwenye foleni ya mgao kambini," anasema. "Halafu kwa risasi laini ilikwama mara moja. Ya pili ilipokea zote, laini na nzito, bila kulalamika. Bega langu likasema, mama, tafadhali, hii."

Akawa bado na shaka. Kulikuwa na nyingine ndogo ya kalibre ishirini, nzuri kama kalamu. Yocum alimweleza bila kumsukuma: kwa visahani ingemtosha, lakini kwa bata wa mbali sheria inataka marisau ya chuma, ambayo ni mepesi kuliko yale ya zamani ya madini ya risasi, na kalibre kumi na mbili, yenye mtutu mpana zaidi, huyabeba mengi zaidi. Uzito ulioonekana mzigo kaunta ungekuwa rafiki uwanjani, kwa sababu bunduki nzito haichezi ovyo na hupiga teke kwa upole.

Wakaafikiana kwenye ile ya gesi, kalibre kumi na mbili, mtutu wa inchi ishirini na nane, pamoja na vibomba vya kuskurubu mdomoni vinavyoamua marisau yatawanyike upesi au yaende yamebanana. Kwa hiyo bunduki moja ingeweza kazi zote mbili.

Yocum akaondoa mpira mnene wa nyuma ya kitako, akaweka mwembamba, akaongeza kibati shingoni mwa kitako ili kielekee usoni kwake.

"Fumba macho," alimwambia. "Iweke begani. Usijirekebishe. Sasa fumbua."

Nzigire alifumbua. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekaa juu ya mtutu, sawasawa, hadi kwenye kishanga cha kulengea kilicho mbele.

"Niliishikilia vilevile," anasema. "Baba Sandrine akaniuliza, vipi? Nilikuwa naogopa nikisema neno itasogea."

Bei ilizidi kidogo dola elfu moja. Alikuwa ameziweka kwa kufanya zamu za Jumapili tangu Pasaka.

Lakini hawakuondoka nayo. Kwa kuwa ni wakaazi wa jimbo jingine, Yocum alipendelea kuituma kwa duka lenye leseni karibu na kwao, ili ukaguzi wa mnunuzi ufanyike huko. Wakachagua duka dogo la Kenmore, mitaa michache kutoka nyumbani kwa Bi Doreen. Walirudi Columbus, kisha Buffalo, mikono mitupu, wakiongea bunduki njia nzima.

Bunduki ilifika katikati ya Septemba. Nzigire alikwenda kuichukua, akatoa vitambulisho, muuzaji akapiga simu ya ukaguzi. Jibu likaja: asubiri. Halikuwa kukataliwa, muuzaji alimweleza; mara nyingi ni jina linalofanana na la mtu mwingine.

"Nilirudi kwenye gari nikaketi," anasema. "Nikakumbuka kambini, tulipokuwa tunasimama kusikiliza majina ya wanaosafiri, na jina lako halisomwi. Nikajiambia, Nzigire, labda kuna mtu mahali fulani ameamua wewe si mtu wa kuaminiwa."

Bisimwa ndiye aliyemtia moyo. "Alinipikia sombe, yale majani ya muhogo," Nzigire anasema. "Mwanamume wa Kishi, wa kabila letu, anapika sombe! Nikajua sasa anaitaka kuliko mimi."

Simu ililia siku chache baadaye, Nzigire akiwa anamlisha Bi Doreen supu. Muuzaji alisema ruhusa imetoka. Nzigire aliweka kijiko mezani, akakichukua tena.

"Nenda!" Bi Doreen alimwambia.

"Siwezi kukuacha peke yako, mama. Zamu yangu haijaisha."

"Basi nisukume!"

Hivyo ndivyo watu wa Kenmore walivyomwona mwanamke mmoja mfupi akikimbiza kiti cha magurudumu kando ya barabara, na bibi aliyekuwa ndani yake akipaza sauti kuwataka watu wapishe njia. Waliingia dukani wakihema wote wawili, ingawa mmoja hakuwa ametembea hata hatua.

Muuzaji alifungua boksi. Bi Doreen alipitisha vidole vyake vinavyotetemeka juu ya mbao, akanusa mafuta, akafunga macho.

"Sasa kazi," alisema.

Na kazi yenyewe ndiyo inayoendelea uwanjani Jumamosi hii ya Oktoba. Kila mshindani wa timu ana visahani ishirini na vitano, na ushindi huhesabiwa kwa jumla ya timu. Mwamuzi hasemi kitu kisahani kinapopigwa. Hupaza sauti kinapokoswa tu. Wanaomsikiliza huomba anyamaze.

Kwa Nzigire amenyamaza muda mrefu. Ganda moja baada ya jingine linarukia kushoto, mbali na uso wake. Mwamuzi amepaza sauti mara moja tu, kisahani kilipobebwa na upepo.

Timu yao na timu ya klabu jirani zinakaribiana sana. Wenzake wanne wamemaliza. Kimebaki kisahani kimoja, cha Nzigire. Akikipiga, wameshinda. Akikikosa, watarudia wote tangu mwanzo wakiwa wamechoka.

Bisimwa ameacha kukumbatia boksi la risasi, amelikalia.

"Haya!"

Kisahani kinatoka kikienda kushoto kabisa, chini, upande mgumu kwa anayetumia bega la kushoto. Nzigire anageuka nacho kiunoni. Mlio unasikika umechelewa. Kisahani hakigeuki vumbi. Kinaendelea kuruka, kizima, wote wanaona ni kizima, mpaka kipande kidogo kama ukucha kinachomoka ubavuni mwake na kuanguka kwenye nyasi.

Kipande kinachoonekana kinatosha, ndivyo kanuni inavyosema. Je, mwamuzi amekiona?

Mwamuzi ameinama mbele. Anaandika. Ananyamaza.

Nzigire anafungua bunduki, anahakikisha ni tupu, anaiweka kwenye rafu kwa utaratibu wote aliofundishwa. Kisha anaruka. Wenzake wanamwangukia. Bisimwa anakimbia kutoka nyuma ya mstari akipiga kelele kwa Kishi, lugha ambayo, mbali na mkewe, hakuna mwingine uwanjani anayeielewa, na hakuna anayehitaji kutafsiriwa.

"Ulikiona kile kipande?" anamuuliza kila anayepita. "Kidogo hivi! Kidogo hivi!"

Kombe ni la wastani, la rangi ya dhahabu isiyo dhahabu. Timu inakubaliana likae kwanza kwa Bi Doreen, kwenye ukuta wenye picha.

Klabu imemwomba Nzigire aanze mafunzo ya ualimu msimu wa baridi utakapoisha. Amekubali. Leya, jirani yake wa Grant Street, ameshajiandikisha kuwa mwanafunzi wake, na anasema wanawake wengine watatu wa kanisani wanamngojea yeye arudi hai kwanza.

Lakini kabla ya hapo kuna bata bukini. Msimu wao mkuu unakaribia, na rafiki mmoja wa klabu amewakaribisha shambani kwake, penye bwawa. Leseni anayo. Risasi za chuma zimenunuliwa. Bisimwa naye anasoma kozi ya uwindaji; hataki kupiga, anasema, anataka kujua tu. Nzigire ameshapanga kumpika bata wa kwanza kwa mafuta ya mawese, na kuwaita Josiane na mumewe kutoka Columbus.

Swali moja tu halijapata jibu.

"Bata akianguka katikati ya bwawa, nani atamfuata?" anauliza Bisimwa. "Mimi siogelei. Mama Sandrine haogelei. Wazungu wote pale wana mbwa."

Fleti yao hairuhusu mbwa. Kwa hiyo Jumapili hizi, baada ya ibada, mume na mke huzunguka polepole mitaa ya Kenmore wakiangalia nyumba za kupanga zenye ua na uzio. Wanatumaini kuhamia moja wakati wa kiangazi.

"Yeye ndiye aliyekataa bunduki," Nzigire anasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Sasa muulize kuhusu huyo mbwa."

Bisimwa hajangoja kuulizwa. Anataka jike, wa kahawia, wa aina ile inayopenda maji. Jina alishalichagua, jepesi, la kuitwa kwa sauti kutoka ukingoni mwa bwawa.

"Ataitwa Leta," anasema.